Treni Niliyoisimamisha

Niliiona sinema ile kwa sababu ya joto. Nilikuwa dereva wa familia moja Riyadh, na alasiri hiyo binti mkubwa wa bosi, aliyekuwa akisomea uchoraji chuoni, alitaka kwenda na wenzake kuona filamu ya Kiitaliano. Tulipofika alitazama jua, akanitazama mimi, akasema mtu hawezi kukaa ndani ya gari saa mbili katika hali ile. Akanikatia tiketi. Wao wakakaa katikati, mimi safu ya mwisho karibu na mlango, kama fundi aliyeitwa kutazama taa.

Ilikuwa hadithi ya mapenzi, ya kuchekesha, na ya ajabu. Watu walikuwa watu wa kweli, lakini katikati yao walitembea wanyama wa kuchorwa kwa mkono, wa rangi rangi, mistari yao ikitikisika kana kwamba mchoraji alikuwa juu ya punda. Mwanamume alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni ya mji mdogo. Mwanamke alikuwa mpakaji rangi wa nyumba, na kila asubuhi alipanda treni hiyo na ngazi yake ndefu. Wakabishana kila siku: ngazi ni abiria au ni mzigo? Mkaguzi alimpenda, ila hakuweza kulisema. Kila alipomeza neno, mnyama alitoka chini ya kofia yake. Kuku mwekundu. Mbuzi wa samawati. Konokono mwenye miwani. Abiria wengine hawakuwaona, mwanamke yule peke yake ndiye aliyewaona, na alinyamaza.

Mwishoni mwanamke alipata kazi mji wa mbali. Siku ya kuondoka alikwenda dirishani akakata tiketi mbili, moja yake na moja ya ngazi, akamwonyesha mkaguzi zote mbili bila kusema kitu. Treni ikaondoka. Mkaguzi alibaki stesheni, na wanyama wote wa maneno aliyoyameza wakamwagika kutoka kofiani, wakalifukuza behewa la mwisho. Kuku akaidandia ngazi. Mwanamume akacheka peke yake, na taa za ukumbini zikawaka.

Nilitoka nikiwa na hamu ya kumsimulia mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, akifanya kazi za nyumbani katika jumba ambalo sikuwahi kuliona. Wala yeye mwenyewe sikuwahi kumwona. Tulijuana kwenye kikundi cha Wakenya cha simu, siku alipouliza ikama, kile kibali cha kuishi, inafanywa upya na nani, mfanyakazi au kafili, yaani mwajiri anayemdhamini. Nikamjibu kwamba ni kafili, asikubali kuambiwa vingine. Kutoka hapo tukawa watu wa kutumiana sauti. Mimi nilirekodi nikiwa nje ya shule nikisubiri watoto wa bosi, yeye alisikiliza akipiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba. Mwaka na nusu tuliishi hivyo, kilomita karibu elfu moja kati yetu, na sauti yake niliijua kuliko ninavyojua sauti za ndugu zangu.

Aliponiuliza siku hiyo nimeshinda wapi, nikamwambia nimeshinda sinema, na kama ana kanzu za kutosha nitamsimulia yote.

"Simulia," akasema. "Kanzu ziko kumi na moja."

Hapa inabidi nieleze kwamba kusimulia filamu ilikuwa kazi yangu ya kwanza duniani, na yeye nilikuwa nimekwisha kumwambia. Nilipomaliza kidato cha nne, karo ya kuendelea haikupatikana. Sokoni kwetu, upande wa Mumias, palikuwa na kibanda cha video, mabati pande zote, mabenchi ya mbao, jenereta ikinguruma nje. Filamu zilikuwa za Kichina na Kihindi, lugha ambazo mimi na watazamaji tulizijua kwa kiwango kimoja, yaani hatukuzijua kabisa. Nilikaa kando ya televisheni na kipaza sauti nikaeleza kwa Kiswahili, na watu wakaniita dijei. Bwana mwenye masharubu akifoka, nilisema anamwambia shemeji yake kwamba lile shamba la marehemu haliuzwi. Hapakuwa na shamba. Lakini mabenchi yote yaliguna, maana kila mmoja alikuwa na shemeji.

Siku moja nilieleza filamu ya Kihindi kama ilivyokuwa, na msichana akafa. Watu wakatoka nje wakayapiga mawe mabati. Mwenye kibanda akaniita. Hakunikaripia. Aliniambia tu kwamba watu hawa wana misiba yao ya kutosha nyumbani, na kama msichana lazima afe, basi mimi niseme amezirai, na nizime kanda mapema. Tangu hapo msichana hakufa tena mikononi mwangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilijiona mtu mwenye huruma.

Baada ya kibanda kufungwa nilianza kuhama. Nakuru, Mombasa, Kampala, Doha, kisha Riyadh. Sikufukuzwa popote. Nilikuwa nikikaa mpaka nijue jina la kila duka la mtaa, halafu usiku mmoja naanza kukumbuka mahali pa zamani, na nikishaanza kukumbuka, miguu inawasha. Nikifika papya ninapakumbuka nilipotoka. Wenzangu wa chumbani, mtaa wa Al-Murabba hapo Riyadh, walisema mimi ni mtu wa kutamani vumbi alilokwisha kujipangusa.

Basi nikamsimulia. Ilichukua jumbe tisa, siku tatu. Nilimpa mkaguzi sauti ya chifu wetu wa zamani, na ngazi nikaipa sauti pia, ya mama mkwe. Alicheka hadi akaunguza kola moja, na madam, mke wa mwenye nyumba, akamuuliza ana nini. Tulipokaribia mwisho akawa hacheki tena sana. Aliuliza maswali. Mwanamke yule alikuwa na mtoto? Nikasema filamu haikuonyesha. Kazi ya huko mbali ilikuwa nzuri kuliko ya pale? Nikasema labda.

Nilijua kwa nini anauliza. Mkataba wake ulikuwa unaisha baada ya miezi miwili. Binti yake, aliyelelewa na bibi tangu darasa la nne, alikuwa anaingia sekondari, shule ya bweni, na alitaka mama yake ndiye ampeleke. Madam naye alikuwa amemwomba aongeze miaka miwili. Alikuwa amekwisha kumjibu madam kwamba anaondoka, ila neno lenyewe lilikuwa bado bichi.

Nikiwa nje ya geti la shule, na simu mkononi, nikaisimamisha treni. Nilisema imekwenda hatua ishirini, halafu breki zikalia, na ya kwanza kutoka mlangoni ilikuwa ngazi. Kisha kiatu chenye madoa ya rangi. Kisha yeye. Tiketi mbili sikuzitaja hata kidogo.

Halafu ikaja sauti yake, chini chini.

"Ulimwona kweli akishuka?"

"Nilimwona," nikasema.

Wiki mbili zilipita, na katika wiki hizo alinieleza kwamba madam amemuuliza tena, na safari hii amejibu atafikiria. Binti alikuwa ameambiwa asubiri kidogo. Nilifurahi, na furaha hiyo sikuichunguza.

Kisha akanyamaza. Siku nane hakujibu kitu. Nilituma vichekesho, nikatuma salamu, nikatuma swali kama ni mgonjwa. Siku ya tisa akaandika, hakurekodi: binti wa madam alikuwa ameiweka filamu ile kwenye televisheni ya sebuleni, naye akapita na kikapu cha nguo akamwona kuku mwekundu. Alisimama hapo na kikapu mpaka mwisho. Maandishi yalikuwa ya Kiarabu na hakuweza kuyasoma, lakini treni haihitaji kusomwa. Chini aliongeza kwamba Ijumaa ana nafasi alasiri.

Nilikuwa nimemwambia zamani kwamba Ijumaa hiyo nitakuwa Jeddah. Familia ya bosi ilikuwa na harusi huko; wao waliruka kwa ndege, mimi nikapeleka gari. Ni mwendo wa siku nzima, jangwa kulia na kushoto, na nilikuwa na nafasi ya kutunga maelezo mengi mazuri. Nilitunga manne.

Tulikutana Sharafiya, katika mkahawa mdogo wa wali na chai uliobanwa kati ya duka la simu na ofisi ya kutuma pesa. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alikuwa amevaa abaya nyeusi na viatu vya kukimbilia, na alinitambua kabla sijasema neno.

"Wewe ndiye dijei," akasema, akaketi. "Nilidhani una tumbo kubwa."

Nikasema tumbo liko njiani. Hakucheka. Aliagiza chai ya maziwa, akangoja mhudumu aondoke, akakunja mikono juu ya meza.

"Yule mwanamke alishukia wapi?"

Maelezo yangu manne yalikuwa tayari. Nilifungua kinywa nikakuta hakuna hata moja.

"Hakushuka," nikasema.

"Na tiketi mbili ukazila."

"Nilizila."

Alisema hilo ndilo lililomuuma kuliko treni yenyewe. Mtu anayekata tiketi mpaka ya ngazi yake, alisema, huyo ameshaamua, na haachi nyuma kitu cha kumrudisha. Yeye alisikiliza hadithi yangu akaona: hata kule Italia mwanamke mwenye kazi yake ameshuka, yeye ni nani asishuke? Alikuwa amecheza na akili yake mwenyewe, hakunilaumu kwa hilo. Yeye si mtoto wa kuamuliwa na sinema. Lakini alitaka kujua neno moja.

"Nani alitaka nibaki? Ni sinema, ama ni wewe?"

Nilikunywa chai ili nipate muda, ikanichoma.

"Ni mimi. Sinema haikutaka kitu."

"Ungesema hivyo, mzee. Ningekujibu." Alisema polepole, bila hasira. "Wewe unajua kusemea Wachina, unasemea Wahindi, unasemea ngazi."

Akaendelea mwenyewe. Alisema tuseme amebaki. Miaka miwili mingine Al-Rawdah, mimi Riyadh, tunatumiana sauti. Baada ya hapo je? Mimi mwenyewe nina mpango wa kukaa Riyadh mpaka lini?

Hapo ningeweza kutunga. Hata sasa nikikumbuka naona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi, mwaka fulani, kiwanja fulani, nyumba ya vyumba viwili. Lakini jana yake tu, nikiwa njiani, jamaa mmoja alikuwa amenipigia simu.

"Kuna kazi Maskati," nikasema. "Nimeambiwa nikitaka naweza kuhamia huko mwezi ujao."

"Na unataka?"

"Nimeanza kutaka."

Alinitazama, kisha akacheka, kile kicheko nilichokuwa nikikijua kutoka kwenye simu, ila sasa kilikuwa na mabega na meno. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Yaani mimi nibaki," akasema, "wewe uende."

Nilitaka kucheka naye na sikuweza, maana niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona vizuri. Nimeondoka kila mahali nilipopendwa kidogo. Na katika miaka yote hiyo nilikuwa nikitamani kwamba pengine, mahali fulani, pawe na mtu mmoja ambaye yeye haondoki, ili niwe na wa kumkumbuka. Kwa ajili ya hilo nilikuwa tayari binti wa watu apelekwe shule na bibi.

Akatoa simu. Alimpigia binti yake palepale, akaiweka sauti ya wazi kati ya vikombe. Akamwambia anakuja kabla ya shule kufunguliwa, Jumapili atamweleza madam, kafili ataanza kushughulikia viza ya kutoka. Upande wa pili kukasikika mtoto mwingine akiita kuku.

"Ulisema hivyo hata mwezi uliopita," binti akasema.

Mama akafumba macho. Halafu akaisukuma simu kwangu.

"Mwambie wewe."

"Ni nani huyo?" binti akauliza.

Nikasema ni dereva, natoka Riyadh, nafahamiana na mama yake. Nikasema nimemsikia sasa hivi kwa masikio yangu na nimemwona usoni, na anakuja. Aliuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika, na sikuongeza kitu.

Mama akairudisha simu sikioni, akageukia dirisha, na wakaanza kuzungumza kwa lugha ya kwao, ambayo naielewa nusu nusu, juu ya godoro na sanduku la chuma na kufuli la sanduku, kama ni heri kununua moja au mawili. Waliendelea hivyo muda mrefu. Nikaita mhudumu, nikalipa, nikasimama. Aliinua mkono kidogo bila kugeuka, akaendelea kumuuliza binti amekua kiasi gani, na viatu sasa anavaa namba ngapi.