Nyota za Mpunga

Kila Desemba, mvua zinapoanza kulowesha barabara za Mlabani, huwa naweka kazi nyingine pembeni na kutengeneza mapambo ya Krismasi. Ya dukani siyapendi. Yanang'aa siku mbili, kisha yanapukutika na unayafagia hadi Pasaka. Ya kwangu ni nyota za matete na mipira ya karatasi, na juu yake nabandika punje za mpunga, moja moja, kwa uji mzito wa muhogo. Ni kazi ya subira, nami subira sina, lakini kwenye mapambo huwa inakuja yenyewe.

Mwaka jana mpunga uliniishia kazi ikiwa nusu. Mume wangu akaingia jikoni, akanyoosha mkono juu ya mafiga, akashusha fungu la masuke lililoning'inia pale tangu mavuno.

"Chukua haya," akasema. "Ya kuku tu haya."

Mtu aliyezaliwa Michenga, akakulia katikati ya majaruba ya mpunga, ndiye aliyesema hivyo. Mimi ni binti wa fundi cherehani, ningejuaje? Nikafuta masizi, nikapukuchua. Punje zake zilikuwa na ndevu ndefu nyekundu. Nyota zilipendeza hadi nikamwita jirani aje kuona.

Siku mbili kabla ya Krismasi mama mkwe akaja kutoka Michenga. Nikampa shikamoo, akaitikia, akavua viatu vyenye tope. Akausogelea mti wetu, tawi la mvinje tulilosimika kwenye ndoo ya mchanga. Akashika nyota moja na kuisifu. Kisha akaigeuza, akabandua punje, akaitia kati ya meno na kuibana.

"Mwanangu," akaniambia, "hii si mbegu yangu?"

Hakungoja jibu. Alikwenda jikoni, akatazama juu ya mafiga, akarudi na kukaa kwenye mkeka. Mpunga ule alikuwa amepewa na mama yake. Ni mrefu, maji ya mto yakipanda nao unapanda, na majirani zake wote walikwisha kuuacha wakachukua mbegu fupi za kisasa. Nyumba yake huingia maji, ndiyo maana aliuleta kwetu ukauke kwa moshi. Mbegu yote aliyokuwa nayo sasa ilikuwa inaning'inia kwenye tawi la mvinje. Ningefurahi angenigombeza. Mume wangu alitoka nje, akaanza kufungua pikipiki ambayo haikuwa na ubovu wowote.

"Mmebandikia nini?" hatimaye mama mkwe akauliza.

"Uji wa muhogo, mama."

"Wa moto?"

Hapo nikaelewa: moto huua mbegu. Nilijaribu kukumbuka. Nyota ya kwanza ndiyo iliyoniunguza vidole, nikatukana, nikaacha uji upoe kabisa kabla ya kuendelea. Nyota hiyo ilikuwa ya mpunga wa sokoni. Nilipomweleza, alipumua kwa nguvu, nami nikapumua.

"Lete beseni," akasema.

Tuliloweka mapambo yote, huku nikimsimulia jinsi mwanawe alivyosema ni ya kuku tu. Uji ukalainika, punje zikaachia, karatasi na matete vikaelea. Tukachambua zile zenye ndevu nyekundu, tukaosha, tukaziacha ndani ya maji, kesho yake tukazifunga kwenye gunia bichi karibu na mafiga. Siku ya Krismasi mti ulikuwa mtupu, na pilau niliipika nikaishia kuitazama. Kila nikipita jikoni nilitamani kulifungua lile gunia. Mama mkwe alinikataza. "Ukizichungulia chungulia zinapata baridi," alisema, lakini mwenyewe nilimfuma akilipapasa.

Kesho yake asubuhi tulilifungua pamoja. Joto likatupiga usoni. Kila punje ilikuwa imetoa ncha nyeupe. Nilikaa palepale sakafuni, nikacheka huku machozi yanatoka, sikuona haya hata kidogo. Mama mkwe alichota mbegu kiganjani akazisalimu kwa Kindamba, lugha ya kwao, kama watu waliotoka safari. Mzigo wote wa siku zile ukanishuka mabegani.

Kisha akachukua ungo wangu, akagawa mbegu mafungu mawili.

"Kosa langu ni kuziweka zote mahali pamoja," akasema. Fungu moja akalisukuma kwangu. "Hizi zako. Kipande cha jaruba nitakupa."

"Mama, mimi sijawahi kupanda hata mchicha."

"Zimetoka kwenye gundi yako zikiwa hai. Utashindwa na tope?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa oili. Nadhani alikuwa pale muda mrefu, akisubiri kujua kama anaruhusiwa kuingia.

"Na mimi je, mama?"

Mama mkwe alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe utafukuza ndege," akasema. "Si mpunga wa kuku tu?"