Kicheko Upande wa Wanawake

Wajukuu wangu hubishana kila Jumapili mbele ya televisheni. Mmoja husema sinema za siku hizi ni takataka, damu na matusi tu, afadhali za zamani. "Ama namna gani, Shosho?" Mimi huingia jikoni kutafuta chumvi nisiyoihitaji. Za zamani! Mtoto huyu anajua nini?

Mimi nilianza kuona sinema wakati wa Imajensi, Waingereza wakipigana na Mau Mau, karibu na Mugutha, katika kijiji tulichofungiwa kwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Gari la sinema lilikuja jua likitua, shuka jeupe likatundikwa kwenye nguzo mbili. Kwenda hakukuwa hiari yako. Atoke kila mtu, mgonjwa na mtoto, na tukiwa huko homugadi, wenzetu waliochukua bunduki za Mzungu, wanapekua nyumba zetu. Unatazama picha huku unasikia sufuria zako zikianguka nyuma.

Jioni ile kaka yangu alikuwa amejificha kwetu, ametoka msituni na homa. Wakimkuta nyumbani ni kitanzi. Wanaume nao walikaguliwa mmoja mmoja kabla ya kuketi upande wao. Basi Mama akamvika rinda lake, akamfunga kitambaa cha kichwa, akamfunika blanketi, akamketisha kati yetu upande wa wanawake. "Usiongee," alimwambia. "Ukiulizwa kitu, kohoa tu."

Kwanza wakatuonyesha jinsi ya kuchimba choo. Ati choo! Kisha akatokea mzee mnene anayefukuzwa na bata mzinga, suruali ikimteremka, na kaka yangu akacheka.

Woi! Kicheko kizito cha mwanamume, katikati ya akina mama. Mama alikuwa amemkataza kila kitu isipokuwa hicho. Nani angefikiri mtu wa msituni bado anacheka?

Mama akadakia hapo hapo, akacheka kwa sauti nzito ya kukwaruza. Mwanamke wa nyuma yetu akafuata. Halafu wote, wanawake wa kijiji kizima wakinguruma, na bata mzinga mwenyewe alishapita, sasa ni ng'ombe wanaogeshwa dawa ya kupe. Nilicheka huku nalia kwa hofu.

Injini ya gari la sinema ikazimwa. Mkubwa wa homugadi akaja na tochi. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Akaanza na mama wa mwisho wa mstari.

"Cheka."

Akacheka.

"Na wewe. Cheka."

Wakacheka mmoja baada ya mwingine, tochi ikisogea. Ilipofika kwa Mama alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Homugadi akamshika mkono, akaanza kumvuta.

Ndipo kaka yangu alipovua kile kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani mwa Mama, akasimama. Hatukumwona tena. Mama alikaa na kitambaa hicho hadi alipokufa, na hakukifunga kichwani hata siku moja.

Jumapili iliyopita wakaniita tena. "Shosho, njoo, hii inachekesha!" Nikaketi. Wenyewe walikuwa wanacheka hadi wanaanguka kwenye kochi, wasichana na wavulana pamoja.

"Hizo zenu ni nzuri," nikawaambia. "Watu wanakufa humo ndani siku nzima, halafu ikiisha nyinyi nyote bado mko."