Pima Usafi Programu Ikiwa Hai

Mwanangu, sijafika umri wa kutembelea fimbo, na wenzangu wa Kasese wakisikia nakuita hivyo watanicheka. Lakini kazi hii ya kuandika programu imenizungusha miji mingi, na kila ninapoketi mbele ya kompyuta ngeni, akili inanirudisha kwenye Alhamisi moja ya ujana wangu, katika chumba chetu cha kazi mjini Kasese. Joto lilikuwa limejaa chini ya mabati, nami nilikuwa nimemaliza sekondari juzijuzi na kujiona fundi kamili.

Tulikuwa watatu. Mkubwa wetu alikuwa dada Biira, mzaliwa wa Katwe, mwanamke asiyepandisha sauti hata akikasirika. Wa pili ni Kambale, aliyevuka mpaka na wazazi wake kutoka Butembo, mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa maneno. Wa tatu mimi, mtoto wa Mkenya aliyefuata kazi ya saruji. Kiswahili changu walikitania kuwa cha mtangazaji wa redio.

Mama Masika, mfanyabiashara wa samaki pale Bwera, alikuwa ametupa kazi. Alikuwa akinunua samaki Katunguru, akiwahifadhi kwenye majokofu makubwa, kisha akiwauza siku ya soko kwa wanunuzi waliotoka ng'ambo ya mpaka. Alitaka kompyuta ndogo iyalinde majokofu hayo: joto likipanda, kengele ilie. Programu aliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa ikizima yenyewe bila kumwambia mtu, na tayari ilikuwa imemwozeshea shehena nzima. Ikitokea tena, alisema, wanunuzi wake watamhama.

Tuliandika programu yetu kwa lugha ya C. Kila kipimajoto kilipoanza kutuma habari, programu ilifungua uzi wake, yaani kazi ndogo inayokwenda sambamba na nyingine. Kila uzi ulikuwa na akiba yake ya kumbukumbu ambayo uzi mwingine hauigusi. Uzi ukimalizika, kipande maalumu tulichokiita msafishaji kinatakiwa kuitwa, kiirudishe ile akiba. Kisipoitwa, kumbukumbu inaliwa kidogokidogo mpaka kompyuta inashindwa kupumua.

Alhamisi hiyo Kambale alipima. Aliiwasha programu, akaiacha ifanye kazi kidogo, akaizima, kisha akatazama: kumbukumbu yote imerudi.

"Safi kama sahani ya padri!" akasema. "Kesho siku ya soko, Mama Masika anapata kitu yake."

Nilipiga makofi. Kambale alikuwa ameshika simu tayari kumpigia mama, dada Biira akamwambia aiweke chini.

"Umeizima programu kwanza, ndipo ukaangalia?"

"Ndiyo, dada."

"Basi hujapima kitu. Mama yangu ana kiwanja cha kuvunia chumvi kando ya ziwa, kule Katwe. Kila mtu pale ana chake, na kila mtu anatoa tope lake mwenyewe. Mvua kubwa ikija, ziwa linapanda, viwanja vyote vinafunikwa. Siku hiyo utajuaje nani alitoa tope na nani alilala? Programu ikizimwa, kompyuta inanyang'anya kumbukumbu yote, ya msafi na ya mchafu. Nataka kuona uzi unakufa, programu ikiwa hai."

"Lakini dada, yule mama atatumeza!"

"Akumeze wewe kwanza, ndiwe mnene."

Tulicheka, kisha tukakaa kazini. Niliandika jaribio jipya mimi mwenyewe. Programu ilibaki imewaka. Tulifungua nyuzi, kila mmoja ukajaza akiba yake, tukangoja kila uzi umalizike kabisa, na kila msafishaji alipoitwa aliongeza alama. Alama zikalingana na nyuzi. Kambale akanitazama kwa jicho la ushindi.

"Sasa chomoa waya wa kipimajoto," dada Biira akaniambia. "Bwera umeme unakatika kila wakati, au mmesahau? Kompyuta ina betri, vipimajoto havina."

Nikachomoa. Uzi ukafa, alama haikuongezeka. Nikarudia, ikawa vilevile.

Tulisoma programu mstari kwa mstari mpaka tukaliona kosa. Kipimajoto kiliponyamaza, uzi ulifuta kwanza anwani ya akiba yake, yaani alama ya mahali ilipo, halafu ukaondoka. Mfumo ukikuta mahali pa anwani patupu, haumwiti msafishaji, kwa kuwa unadhani hakuna cha kusafisha. Akiba ilibaki imeshikwa, na hapakuwa tena na mtu wa kuirudisha. Kila umeme ukikatika, Mama Masika angepoteza kipande cha kumbukumbu, mpaka programu izime kama ile ya kwanza.

Kumweleza niliachiwa mimi. Ijumaa asubuhi nilikwenda Bwera mikono mitupu.

"Iko wapi?" akauliza kabla sijamsalimia.

"Shikamoo mama. Bado. Inaweza kuzima kama ile nyingine."

"Batoto ba Kasese, muko munanichezea! Miye niko na samaki, weye uko na maneno!"

"Mama, leo nitakaa mimi hapa na kipimajoto cha mkono. Nitazunguka majokofu mpaka soko lifungwe."

Alinitazama, akasonya, akanisukumia kigoda. Nilizunguka siku nzima, nikinuka samaki, naye akinitangaza kwa wateja: "Muone kompyuta yangu mupya, inakula bugali!"

Wiki iliyofuata tulimwekea programu iliyorekebishwa na kupimwa upya, nyaya zikichomolewa na kurudishwa. Umeme ulikatika mara nyingi baadaye, lakini programu haikuzima. Siku moja Mama Masika akampigia dada Biira kwa hasira: kengele imelia kama shetani, wapagazi wamekimbia. Mama mwenyewe alipofika kwenye majokofu akakuta mlango mmoja umeachwa wazi. Samaki walikuwa bado wagumu kama mawe.

Kwa hiyo, mwanangu, shika haya. Usiusifu usafi wa programu iliyokwisha kuzimwa. Iache hai, uue uzi, ungoje ufe kabisa, ndipo uhesabu wasafishaji. Pima uzi uliomaliza kazi vizuri, kisha pima na ule uliokatizwa njiani, kwa kuwa huko ndiko uchafu hubaki. Na kabla hujafuta anwani ya kitu, kirudishe kwanza kitu chenyewe. Mwenye mali akikufokea kwa sababu hujamaliza kupima, mwache afoke, lakini usimwachie mzigo peke yake.

Mungu akupe mkubwa wa kazi anayekuambia weka simu chini, na akupe moyo wa kumsikia. Kila utakachokiwasha kidumu kuwaka, na watu walale usingizi kwa sababu yako.