Nimezamisha Gari Mbele ya Mama Mkwe

Leo nimezamisha gari mbele ya mama mkwe.

Tulieni, ni la kwenye gemu.

Wana wa kibanda cha gemu hapa Kibaoni walinicheka nilipochagua sedani ya kijivu. Eti gari la mhasibu wa parokia!

Hawakujua linavuta kwa tairi zote nne. Mvua ya kwenye gemu ikashuka, magari yao ya mbwembwe yakateleza matopeni, mimi huyooo naongoza.

Mara akaingia mama wa mchumba wangu, kaja kuchaji simu.

Nikaweka kontrola chini, nikasimama. "Shikamoo, mama."

Gari likajiendea mtoni.

Akatazama skrini. "Marahaba. Ni wewe unayenipeleka Malinyi kesho?"

"Ndiyo, mama."

"Nitapanda basi."

Haya, mnaocheka: nyie mngemwamkia mmekaa?