Mtu Aliyeipa Sinema Mgongo

Sikulazimishi uniamini, lakini usiniambie niliota. Hilo nimeshaambiwa na pasta, nimeambiwa na mama mkwe, na daktari mmoja kijana wa hapa Eldoret alinipima presha akasema niko sawa kuliko yeye mwenyewe. Jambo hili lilitokea mchana, watu wakiwepo, na mimi nikiwa nimeshiba. Tena ujue mapema kwamba mimi si mtu wa kuamini ovyo. Muuza maziwa akinichekea sana, nanusa maziwa mara ya pili. Mgeni akija kanisani na suti mpya, mimi naangalia viatu vyake. Mume wangu, Baba Nafula, husema hata malaika akibisha kwetu nitamuuliza ametumwa na nani.

Baba Nafula ni dijei wa sinema. Simaanishi yule wa kupiga muziki kwenye harusi. Hapa mtaani kwetu Kapsoya kuna banda la mabati ambamo watu huona sinema za nje, na kwa kuwa hakuna anayetaka kuhangaika na lugha za watu, dijei hukaa pembeni na maiki akiwasimulia kwa Kiswahili chetu. Jambazi wa ng'ambo humfanya mtu wa Moiben aliyetoroka na ng'ombe wa baba mkwe. Mrembo anakuwa binti wa mwalimu mkuu. Na katikati ya sinema, dijei huwaita watazamaji kwa majina yao, awaonye au awacheke. Watu wanapenda hivyo. Usipoitwa jina siku hiyo, unaenda nyumbani umenuna.

Siri ya sinema za kutisha aliniambia tukiwa bado tunachumbiana. Alisema mzimu wenyewe hautishi mtu. Ukiuonyesha mapema, watu wanacheka meno yake. Kinachotisha ni mlango. Mlango umefungwa, muziki umekatika, msichana ananyoosha mkono kuufungua, na kila mtu bandani anataka kumwambia aache. Hapo Baba Nafula hunyamaza. Huwaacha mpaka waanze kusikia pumzi zao wenyewe, kisha huita jina la mtu mmoja.

Jina hilo lilikuwa langu. Mimi nilikuwa mwoga, nakwambia ukweli, mwoga wa kupindukia. Nilikuwa narudi kuangalia komeo la mlango hata baada ya kuingia kitandani. Binti yetu Nafula akitoka nje ya geti, moyo wangu ulikuwa unatoka kabla yake. Kwa hiyo Baba Nafula alinikalisha benchi la katikati, maana mayowe yangu yalijulikana Kapsoya nzima. Yalianza chini, yakapanda, yakaishia kwa "mayi wee", halafu kwikwi moja. Nikishapiga mimi, banda zima linapiga. Baada ya hapo watu wanacheka, hata waliokuwa hawasalimiani wanajikuta wameshikana mikono. Sijui kwa nini mtu aliyetulia nyumbani kwake atoke kwenda kutafuta hofu, lakini najua nilivyokuwa najisikia nikitoka mle. Nilikuwa mwepesi, kama mtu aliyemaliza kufua nguo zote za nyumba.

Sasa huyo mtu. Alikuja msimu wa mvua, amevaa koti la kijivu, si mzee na si kijana. Aliketi benchi la mbele kabisa kisha akageuka. Akaipa sinema mgongo, akatuangalia sisi.

Wewe ungefikiria nini? Mimi kwanza nilidhani ni kanjo, ametumwa na kaunti kutafuta kosa. Halafu nikadhani ni jasusi wa banda lile lingine la karibu na stendi, amekuja kuona Baba Nafula anafanyaje kazi. Mwisho nikadhani ni mwanamume anayetafuta wake za watu, nikavuta leso yangu vizuri. Nilimwambia Baba Nafula, akasema mteja ni mteja. Mama Jelimo, jirani yangu anayeuza chai mlangoni pa banda, ndiye aliyeshuku pamoja nami. Alisema yule mtu hununua chai na kuishika tu mpaka inapoa.

"Huyo anatuangalia ni kama sisi ndio sinema," aliniambia.

Nikaanza kumchunguza. Watu wakicheka, naye alicheka, lakini kwa kuchelewa, midomo ikijaribu kwanza. Siku moja kulikuwa na sinema ya mama anayekufa akiacha watoto, na banda zima likalia. Mama Jelimo alilia kuliko wote, na nilijua hamlilii yule wa kwenye skrini, analilia mama yake mwenyewe aliyemzika. Yule mtu alimtazama kwa hamu. Kisha akajigusa mashavu, akaangalia vidole vyake. Vilikuwa vikavu. Nakuapia niliona, na niliona pia uso wake ukisikitika kwamba ni vikavu.

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha tangu saa saba, ikipiga mabati mpaka Baba Nafula akalazimika kuongeza sauti ya maiki. Sinema ilikuwa ya mwanamke aliye peke yake kwenye nyumba kubwa, mtoto wake amelala chumba cha pili. Yule mtu alihama benchi. Akaja kuketi mbele yangu kabisa, magoti yake karibu yaguse yangu. Nikajiambia leo sipigi kelele ng'o. Sikujua anataka nini, lakini chochote alichokuwa anakitaka, hakipati kwangu. Nafula alikuwa amelala kwenye mapaja yangu.

Muziki ukakatika. Mwanamke kwenye skrini akashika kitasa cha mlango wa chumba cha mtoto. Baba Nafula akanyamaza, mvua nayo, kwa bahati mbaya, ikapungua. Nikasikia pumzi zangu. Nikamsikia yule mtu hapumui.

"Mama Nafula," sauti ya mume wangu ikasema polepole kwenye maiki, "usigeuke. Ako hapo nyuma ya mtoto."

Ningejizuiaje? Nilipiga mayowe kwa nguvu zangu zote. Na yule mtu akainama mbele, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayeionja supu kwa harufu. Nikasikia kitu kikivutwa kutoka hapa, chini ya matiti, taratibu, kama uzi unavyotoka kwenye sweta. Hakukuwa na maumivu. "Mayi wee" ikatoka, kisha nikangoja kwikwi yangu. Haikuja.

Yule mtu akasimama. Aliutazama mlango wa banda kama mtu anayeogopa kuufungua.

"Asante, Mama Nafula," akasema, akatoka kwenye mvua.

Usiku ule nililala bila kuangalia komeo. Utasema ni baraka, na hata mimi nilisema hivyo. Nilipita katikati ya mbwa wa jirani wakabweka wee, nikawapita. Jumapili yake nilirudi bandani, nikamtazama mzimu wa sinema tangu mwanzo hadi mwisho, nikaona rangi waliyompaka shingoni haikufika masikioni. Watu walinigeukia wakisubiri niwaanzishie. Nilikuwa nawaangalia tu. Banda likakaa kimya, na baada ya muda wengine wakaanza kupiga miayo. Baba Nafula alikasirika kidogo, lakini nyumbani alifurahi kwamba simwamshi tena kwenda kukagua mlango.

Kilichoniondolea furaha ni siku ya paka. Nilikuwa nje ya geti nachambua mboga, Mama Jelimo akiwa na jiko lake ng'ambo ya barabara. Nafula alimfuata paka mpaka barabarani. Lori la mahindi lilikuwa linashuka. Nililiona vizuri. Nilimwona mtoto wangu, nikaliona lori, nikajua kabisa hesabu yake inaishia wapi, na moyo wangu ukakaa kama maji ya mtungini. Niliendelea kuchambua mboga. Aliyeruka ni Mama Jelimo. Alimnyakua Nafula kwa mkono mmoja, sufuria ya chai ikamwagika, akabaki na alama ya moto mguuni hadi leo.

Alinirudishia mtoto bila kunitukana. Angenitukana ingekuwa nafuu.

"Mama Nafula," aliniambia, "wewe umekuwa mtu wa aina gani?"

Nilitaka kushtuka, nikashindwa, na hata kuogopa kwamba nimeshindwa sikuweza. Lakini kitu kimoja yule mtu alikuwa ameniachia, labda hakukitaka: kushuku. Kushuku si kuogopa. Kuogopa hutoka hapa kifuani, kushuku kunakaa kichwani. Kichwa kikaniambia nimeibiwa, na mwizi namjua, na mtu anayependa mabanda ya sinema atapatikana kwenye mabanda ya sinema.

Nikaanza kuuliza. Siku ya soko Baba Nafula aliitwa kusimulia sinema Cheptiret, nami nikaenda naye. Mwenye banda la kule alisema yupo mtu wa koti la kijivu, siku hizi haingii tena ndani, hushinda kando ya barabara kuu karibu na akina mama wa viazi. Nilimkuta hapo jua likiwa bado juu. Alikuwa amejibana kwenye ukuta wa duka, macho yakiruka kwa kila gari. Alikuwa amekonda. Trela moja la kwenda Nakuru likapiga honi mbele yetu, naye akapiga mayowe.

Yalikuwa mayowe yangu. Sauti ya mwanamke, ikianza chini, ikipanda, mpaka "mayi wee". Halafu kwikwi. Akina mama wa viazi waligeuka wote, na wakaniangalia mimi, maana nani angedhani sauti ile imetoka kwa mwanamume?

Nilimwambia anirudishie. Nilimweleza habari ya lori, ya paka, ya mguu wa Mama Jelimo. Nilisema nina mtoto, na mama asiyeogopa ni kama nyumba isiyo na mlango. Alinisikiliza huku machozi yakimtoka. Alijigusa mashavu, akaangalia vidole vyake, na safari hii vilikuwa vimelowa. Alivitabasamia vile vidole. Hapo ndipo nilipojua kwamba machozi nayo ameyachukua kwa mtu mwingine, na sikuuliza ni nani.

"Nimekaa miaka mingi nikiwaangalia tu, sijui mnasikia nini," akaniambia. "Saa hii hata giza naogopa. Hata wewe nakuogopa. Usininyang'anye, Mama Nafula."

Nilimkamata koti. Nilimtikisa, nikamwambia apige tena kelele, nami nikamwinamia mdomo wazi kama alivyonifanyia. Alipiga. Mate yake yalinirukia usoni, basi. Hakuna kilichorudi. Akajinasua, akavuka barabara mbio huku akilia kwa sauti yangu, nami nikabaki nimesimama pale kati ya magunia ya viazi, na nilichokuwa nafikiria ni kwamba amevuka bila kuangalia kushoto.

Sijamwona tena. Baba Nafula aliniamini siku hiyo hiyo, maana akiwa ndani ya banda la Cheptiret aliyasikia mayowe yale na kwikwi yake kutoka barabarani, naye anaijua kuliko mtu yeyote. Ameacha sinema za kutisha. Anasimulia za karate na za mapenzi, na hamwiti mtu jina. Wateja wamepungua, wanasema hana ladha siku hizi. Ananipenda, sina shaka, lakini jioni ni yeye sasa anayekagua komeo, na nikimshika Nafula karibu na jiko namwona ananitazama kwa pembe ya jicho. Ananishuku. Mimi nilimfundisha.

Kuogopa nimejifunza upya kama mtu anavyojifunza kazi. Namwangalia Mama Jelimo. Akikunja uso, nami najua kuna jambo, namvuta mtoto. Moto ni wa kukaa mbali. Mbwa ni wa kupita pembeni. Barabara ni ya kusimama. Nayafanya yote, na ndani hakuna kitu.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayependa kutishwa. Ukiwa kwenye sinema, iwe bandani au sebuleni kwa rafiki, mlango ukianza kufunguka kwenye skrini, usiangalie mlango. Geuka uwaangalie wenzako. Ukiona mmoja ameipa sinema mgongo anakutazama usoni, meza kelele zako, hata kama zinakukaba. Na msimulizi asitaje jina lako. Uoga unaouchekelea ukitoka mle ndio unaokushikia mtoto barabarani. Wangu unatembea huko Cheptiret ndani ya koti la mtu mwingine.

Jana nilikuwa navuka na Nafula kwenda dukani. Anakua, ameanza kuelewa mambo. Tulifika ukingoni, pikipiki zinapita, akanivuta leso.

"Mama, sasa ogopa," akaniambia.

Nikamjibu kwamba naogopa sana, nikambana mkono, nikakodoa macho kama nilivyoona Mama Jelimo akifanya. Tukavuka salama. Tulipofika ng'ambo ndipo nilipogundua kwamba mtoto wangu hakuiangalia barabara hata mara moja. Njia nzima alikuwa anaangalia uso wangu.