Keki ya Komunyo Kwenye Mteremko wa Kambove

Nilitoka Likasi kwa sababu ya keki. Mama Odette, dada mkubwa wa mama yangu, ndiye mama wa ubatizo wa Divine wa Kambove, na Jumapili ile mtoto alikuwa anapokea komunyo ya kwanza. Kwa komunyo ya kaka yake, keki ya Mama Odette ilifika imepondeka ikawa bukari tupu, ugali wa kuchovya kwenye mchuzi. Jamaa wa Kambove wanacheka mpaka leo. Sasa gari la kutupeleka likaharibika alfajiri. Nikabaki mimi: diploma mbichi ya shule ya jioni, na wiki tatu za kujua pikipiki ya vitesi, gia za kubadilisha kwa mguu.

“Mama mukubwa, minye najua.”

“Unajua ku karatasi!”

Saa moja asubuhi, uani kwa Papa Saidi, fundi jirani aliyetuazima pikipiki, tulivaa kaske vichwani, naye akarudia somo: “Mukono wa kushoto uachilie polepole, sawa unalalisha mutoto. Na kama unashuka mulima, weka vitesi ya pili. Usiende bure, bila vitesi!”

Niliitika kwa heshima zote. Keki, ndani ya boksi lake, ilikaa katikati yetu, ndefu kama bomba la moshi la kiwanda.

Barabarani nilikuwa malaika. Nabana klachi ya mkono wa kushoto, napandisha vitesi kwa ncha ya mguu, naachilia kana kwamba nalaza mapacha. Nzi aliyepanda juu ya boksi pale Likasi alisafiri amekaa.

Mlimani tukapanda vizuri. Kushuka sasa! Kwetu, kuteremka huku injini inavuta ni kumwaga mafuta. Kila dereva hutoa vitesi na kuteleza kimya, tena kwa fahari. Nami nikatoa. Kwa pumzi tatu tukawa ndege, na mbele lori la madini likitambaa; nikabana breki mpaka zikanuka.

“Weye! Iko nini ile harufu?”

“Frein, Mama mukubwa!”

“Na ile yenye kulia?”

“Ni minye!”

Keki ikaniegemea mgongoni. Nikamkumbuka Papa Saidi. Nikabana, nikaingiza ya nne, nikaachilia polepole; kisha ya tatu; kisha ya pili. Injini ikanguruma, pikipiki ikatulia kama ng'ombe aliyeshikwa mkia. Tukalifuata lori taratibu hadi chini.

Kambove, saa tatu, ukoo mzima ulizunguka boksi. Keki ilisimama! Ubavu mmoja tu ulikuwa umebonyea kwa umbo la mgongo wangu.

“Hii ni nini?” Divine akauliza.

“Mapambo ya Likasi,” Mama Odette akajibu bila kupepesa macho. Hakuna aliyecheka, walikuwa wanasogeza sahani.

Wakati wa kurudi, saa tisa, tulifika tena kileleni. Kabla sijagusa kitu, kofi likatua begani: “Ya pili!” Nikaweka. Mafuta ya mteremko si hasara, nimejifunza. Vijana wawili kwenye pikipiki iliyotolewa vitesi wakatupita kimya kama pepo, na Mama Odette, boksi tupu amelikumbatia wima, akawapigia kelele mpaka chini: “Weka vitesi, ba papa! Banawangoja ku nyumba!”