Mfupa wa Mjomba

Kila asubuhi nikipita kwenye mabanda ya supu hapa Morogoro mjini, harufu ya mifupa iliyochemka usiku kucha hunijia puani, na hasira hunipanda papo hapo. Wenzangu huvuta kiti na kuagiza chapati. Mimi humwona Mjomba.

Kwetu ni Mgeta, juu milimani, kwenye matuta ya kabichi na njegere. Na kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Mwenye kauli juu yake ni mjomba, baba ni kama mgeni mwenye adabu. Nyama ikipikwa Jumapili baada ya misa, mfupa mnene ulikuwa wa Mjomba. Aliugonga kwenye ukingo wa sahani, ko, ko, ko, akaufyonza uboho kwa kelele, kisha akauchungulia kwa jicho moja kuhakikisha hakijabaki kitu. Sisi watoto tulimwigiza kwa mabua ya mahindi, na dada yangu Skola alituchekesha kuliko wote.

Kisha Skola akaanza kupauka. Viganja vikawa vyeupe, fizi zikatoka damu, miguu ikajaa mavilio ya damu bila kuanguka popote. Majirani wakasema damu imepungua, basi akanyweshwa rozela na maji ya mchicha mpaka akawa anageuza uso akiona kikombe. Hospitalini mjini aliongezewa damu, akachangamka, akapauka tena. Ndipo daktari akamweleza mama, nami nimekaa kando yao, kwamba tatizo halikuwa chakula. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na inaelekea uboho wa Skola ulikuwa umeacha kazi. Alitaka kuchota kidogo kwenye mfupa wa nyonga, apime, ajue ni ugonjwa gani na atibu nini.

Mama akasema lazima kwanza amuulize kaka yake.

Mjomba alimsikiliza huku akichokonoa meno. "Mfupa ukishatolewa uboho umekwisha," akasema. "Mimi mifupa naijua. Mtoto wetu hafyonzwi."

Baba alijaribu kusema neno, akakumbushwa kwamba watoto wake yeye wako kwa dada zake. Mama akainama, akaendelea kuchambua njegere. Nawakasirikia wote hadi leo, ila Mjomba zaidi, kwa vile alivyosema kwa raha, kama mtu anayetulinda.

Skola alikufa kabla mahindi hayajakomaa. Siku ya kumaliza msiba alichinjwa ng'ombe, na Mjomba akaletewa mfupa wake. Akaugonga. Ko, ko, ko. Nilikimbilia kwenye kabichi nikatapika, na shangazi akasema ni uchungu wa dada.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wakati ule nilimwamini. Mifupa aliyoifyonza niliichungulia mwenyewe, na kweli haikujaa tena. Nilikuja kuelewa sekondari, mwalimu wa baiolojia alipotuambia kwamba uboho haupumziki: unatengeneza damu inayobeba hewa, inayopigana na maradhi, inayoziba jeraha, na ukichotwa kidogo unajaza pengo lake wenyewe. Darasa zima liliandika. Mimi nilikuwa nimekunja ngumi chini ya dawati.

Mfupa wa Mjomba haukujaa tena kwa sababu ng'ombe alikuwa amekufa. Skola alikuwa hai.